PAKA NYUMBANI PENYE MWENYE PUMU
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi

Wapo wakaazi wa visiwa hivi wenye jamaa zao Masasi na Newala, na wapo watumishi ambao kazi imewapeleka huko. Uhusiano huo si wa jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nao wakafanya makaazi Masasi. Maelezo haya yanawahusu walioko huko na walioko hapa, kwani swali ni moja: nyumba ina mtoto mwenye pumu na ina paka, je, paka atolewe?

Aghlabu jibu hutoka upesi kuwa atolewe. Yafaa mtu asite kidogo. Katika nyumba nyingi za Newala mahindi, mtama na mbaazi za kulia mwaka mzima huwekwa ndani, na mlinzi wake ni paka. Akiondoka yeye, panya huingia. Na mkojo wa panya, ukikauka na kuchanganyika na vumbi, nao huamsha pumu kwa baadhi ya watu. Hivyo mtu aweza kuondoa shari moja akakaribisha nyingine.

Kwanza ieleweke kuwa kinachodhuru si unyoya wenyewe. Ni protini iliyomo katika mate ya paka na katika mafuta ya ngozi yake. Paka hujilamba kutwa, mate hukauka juu ya manyoya, kisha huchambuka kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huelea hewani kwa saa nyingi, hushika ukutani, kwenye godoro, chandarua na nguo. Mwenye mzio akizivuta, hupiga chafya, macho humuwasha, na kama ana pumu kifua hubana. Kwa sheria ya dini paka si najisi, na wanyama hawa huingia na kutoka majumbani mwetu bila ya mtu kuona uzito. Lakini tahara ni jambo moja na mzio ni jambo jingine.

Chembe hizi hazitoki siku anayotoka paka. Hubakia nyumbani kwa miezi. Mtumishi aliyehamishiwa nyumba ya Serikali ambayo aliyemtangulia alifuga paka aweza kukohoa usiku, naye hana mnyama hata mmoja. Huyo na apanguse kuta kwa kitambaa kibichi, na asilalie godoro alilolikuta. Vilevile chembe husafiri na nguo, hata zikapatikana skulini na maofisini ambako paka hajapata kukanyaga.

Sasa kuhusu usafi, na hapa ndipo penye mashaka ya watu wa Newala. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote, mito hakuna, na maji husukumwa kwa mashine kutoka mabondeni au huvunwa mapaani. Kumwambia mama wa huko apige deki nyumba nzima kila siku ni kumfanyia mzaha. Ila kazi hii haihitaji maji mengi. Inahitaji ubichi. Ufagio mkavu huinua vumbi likamfikia mgonjwa puani; kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa hulikamata. Bakuli moja latosha chumba cha kulala. Kwenye sakafu ya udongo, ile desturi ya wazee ya kunyunyizia maji kabla ya kufagia ni sahihi kabisa, na isiachwe. Mgonjwa asifagie yeye, na asirudi chumbani mpaka vumbi litue.

Lililo kubwa kuliko yote ni chumba cha kulala. Paka asiingie humo, mchana wala usiku, na mlango ufungwe. Mtoto hulala humo thuluthi ya siku yake. Chumba hicho kikihifadhika, nusu ya kazi imekwisha. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki maji yakipatikana. Godoro na mito ya sufi ipelekwe juani na kung'utwa nje, mbali na madirisha.

Kumkosha paka ndilo jambo ambalo watu hulikimbilia, nalo lina faida ndogo. Chembe hupungua, kisha baada ya siku chache hurudi kama zilivyokuwa. Ndoo hiyo ni bora ifulie shuka. Badala yake asuguliwe kwa brashi au kitambaa kibichi, nje ya nyumba, na mtu asiye na mzio, naye anawe mikono kisha. Dume lililohasiwa hutoa chembe chache kuliko lisilohasiwa. Afisa mifugo aulizwe. Mbwa, ambaye kwetu hulala nje, aendelee kulala nje.

Pia paka asisingiziwe. Kuanzia mwezi wa Juni wakulima wa Masasi na Newala hupulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiri unga, na unga ule huwasha macho na kifua. Mtu akiugua msimu huo tu, na aitazame salfa kwanza: nguo za shambani zivuliwe nje, na magunia yake yasiwekwe chumbani. Moshi wa kuni nao usisahauliwe.

Yote haya hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya kuvuta asiiache kwa kuwa nyumba imesafishwa. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikivutwa ndani au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe Newala, Mkomaindo au Ndanda, na kwa walioko huku hospitali iliyo karibu, bila ya kungoja asubuhi.