"Meza, Mama"

Glasi ya maji ilikuwa mezani, nikadhani ni ya daktari. Kumbe ni kipimo. Shangazi alikaa kwenye stuli, kanga ameishusha mabegani, na daktari wa upasuaji akasimama nyuma yake kama msusi, vidole vya mikono yote miwili vikigusa shingo. "Meza, mama." Uvimbe ukapanda, ukashuka. "Tena." Mara nne, funda mojamoja, nami nikajikuta nameza naye.

Uvimbe unaopanda na funda la maji, alinieleza daktari, kwa kawaida umeshikamana na tezi ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo chini ya kongomeo. Vivimbe vingi vya aina hiyo si saratani. Kinachomshtua ni uvimbe mgumu unaokua, au sauti iliyoanza kukwaruza, maana mshipa wa fahamu unaoongoza sauti umepita nyuma ya tezi hiyo.

Saratani zenyewe hazifanani. Papilari huwapata kama wagonjwa 8 kati ya 10. Hutambaa hadi kwenye matezi ya shingoni, ila wengi hupona. Folikula hupitia kwenye damu ikafika mapafuni na mifupani. Medula, karibu robo ya wanaoipata wameirithi, hivyo ndugu nao hupimwa. Alipofika kwenye anaplastiki, ambayo ni nadra na hukua kwa wiki chache, daktari alishusha sauti.

Lililonikaa rohoni ni sindano. Sindano nyembamba huchota seli, na papilari mara nyingi hujulikana hapo hapo. Folikula haisemi. Seli za uvimbe usio na madhara na zile za saratani zinafanana. Tofauti ni kama zimetoboa ganda la uvimbe, na ganda halionekani mpaka uvimbe utolewe, ukatwe vipande, uwekwe chini ya hadubini. Yaani mtu hupasuliwa shingo ndipo ajue kama alikuwa na saratani. Daktari hakulikwepa hilo. Alisema ndilo gumu kuliko yote kumweleza mgonjwa.

Ikithibitika, wengine humezeshwa madini joto yenye mionzi. Tezi huyapenda madini hayo, yale yale ya kwenye chumvi, hivyo seli za saratani huyavuta zenyewe na kufa nayo.

Majibu ya shangazi yamerudi: seli za folikula. Ameshapangiwa tarehe. Aliuliza jambo moja tu, mbona foleni nzima ni wanawake? Daktari akamjibu kwamba saratani ya thairoidi huwapata wanawake karibu mara tatu zaidi ya wanaume, na sababu bado haijafahamika vizuri. Shangazi akaifunga kanga yake upya, hadi kidevuni.