Kabla ya kuinua gari, kagua shokapu

Barabara za vumbi za Shinyanga na Geita huchosha magari madogo. Wafanyabiashara wengi wenye Toyota Probox hukimbilia kufunga springi ngumu ili gari liinuke na kubeba zaidi.

Springi hubeba mzigo. Shokapu hutuliza mdundo wake. Springi ngumu ikikutana na shokapu iliyochoka, tairi hurukaruka, breki hazishiki vizuri na nyanya hufika machimboni zimepondeka.

Mkulima aanze na shokapu. Ikivuja mafuta, au gari likikandamizwa pembeni linaendelea kudunda, zibadilishwe zote mbili, kushoto na kulia. Springi ngumu zinamfaa anayebeba mzigo kila siku. Hata hivyo, haziongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda.