Kiini cha Mfumo Endeshi na Dhana ya Kukamilika kwa Ombi la Diski

Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi wa kompyuta huitwa kiini. Programu inapohitaji kusoma au kuandika data, hupeleka ombi kwa kiini, nacho hulikabidhi diski. Swali linalozuka ni hili: kiini hujuaje kwamba kazi imekamilika?

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni ukatizaji. Kiini huilaza programu inayongoja na kuiachia prosesa kazi nyingine. Diski inapomaliza, hutuma ishara ya kuikatiza prosesa. Kiini hulitambua ombi husika, hukagua kama kuna hitilafu, kisha huiamsha programu. Njia hii iliziafiki diski za sahani zinazozunguka, ambazo huchukua milisekunde kadhaa kujibu. Katika muda huo prosesa hutekeleza mamilioni ya amri.

Njia ya pili ni uchunguliaji. Hapa prosesa hailali wala haiendi kwingine, bali hukagua tena na tena kama jibu limefika. Diski za kisasa zinazofuata kanuni za NVMe, zilizotolewa mwaka wa 2011, hujibu kwa mikrosekunde tu. Kwa kasi hiyo, gharama ya kulala, kukatizwa na kuamshwa huwa si ndogo tena. Ndiposa kiini cha Linux kikaruhusu uchunguliaji wa diski katika toleo la 4.4, lililotoka Januari 2016. Hata hivyo, prosesa inayochungulia haifanyi jingine. Kasi hiyo hulipiwa.

Isitoshe, neno "imekamilika" lenyewe lahitaji tahadhari. Diski yaweza kuarifu kuwa imeandika ilhali data ingali katika kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika wakati huo, data yaweza kupotea. Kwa sababu hiyo, programu za hifadhidata hukiomba kiini kiamuru diski iimimine kumbukumbu hiyo, na kungoja jibu lake kabla ya kumthibitishia mteja malipo.

Kwa mwanaistilahi, funzo li wazi. Neno la Kiingereza linalotaja uchunguliaji humaanisha pia upigaji kura. Mfasiri anayetegemea kamusi pekee ataandika habari za kura mahali ambapo hakuna mpiga kura wala mgombea. Istilahi ya sayansi sharti itokane na utendaji wa kitu, si umbo la neno la kigeni.