Waitaliano wa Montreal na umoja wa Kanada

Umoja wa kitaifa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni watu kufanana. Hapa tuutumie kwa maana finyu zaidi: watu wanaotofautiana kwa lugha, dini na asili kukubali kubaki ndani ya dola moja na kumalizia humo migogoro yao. Kwa maana hiyo, hatuwezi kujua kama wahamiaji kutoka Ulaya wanauimarisha umoja au wanaudhoofisha kwa kuwatazama wao peke yao. Inabidi kwanza tujue wenyeji wanaelewana kiasi gani. Jimbo la Quebec, nchini Kanada, linalionyesha jambo hili waziwazi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Quebec wenyeji walikuwa wawili, na hawakuwa wamemaliza hesabu zao. Wafaransa walilowea huko tangu 1608. Waingereza wakaliteka eneo hilo katikati ya karne ya 18. (Wote wawili waliwakuta wenyeji wa asili, ambao ugomvi huu kwa kawaida huwasahau.) Kufikia miaka ya 1960 wasemaji wa Kifaransa walikuwa takriban wanane katika kila watu kumi wa jimbo, lakini viwanda na ofisi kubwa za Montreal ziliendeshwa kwa Kiingereza. Tume ya serikali kuu iliyoundwa 1963 kuchunguza suala la lugha mbili ilipanga makundi 14 ya Quebec kwa kipato cha mwaka 1961. Wenye asili ya Kifaransa walishika nafasi ya 12. Chini yao walikuwapo Waitaliano na wenyeji wa asili tu.

Kwa muda mrefu Wafaransa hawa walilinda idadi yao kwa kuzaa sana, Kanisa Katoliki likiwahimiza. Katika miaka ya 1960 uzazi ulishuka kwa kasi. Tangu hapo hatima ya Kifaransa ilitegemea pia lugha ambayo mtoto wa mgeni angesomea.

Sasa tumfikirie baba Mwitaliano, fundi wa ujenzi aliyehamia Montreal baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jirani zake wanasema Kifaransa na kanisa lake ni lilelile la Kikatoliki. Kazini, hata hivyo, anaona kwamba anayetoa amri na anayelipa mshahara wanasema Kiingereza, na akiwaza kwamba siku moja mwanawe atatafuta kazi Toronto au Marekani, hesabu inakuwa nyepesi. Anamwandikisha shule ya Kiingereza. Hana ugomvi na mtu. Anatafuta riziki ya mtoto. Lakini maelfu ya wazazi wakifanya hesabu hiyohiyo, jirani Mfaransa anaona lugha yake ikipungukiwa na watu ndani ya jimbo lake mwenyewe.

Hesabu hizo mbili zilikutana Saint-Léonard, kitongoji cha Montreal chenye Waitaliano wengi. Mwaka 1968 bodi ya shule iliamua kwamba wanaoanza darasa la kwanza wafundishwe kwa Kifaransa pekee. Baadhi ya wazazi wakafungua madarasa katika vyumba vya chini vya nyumba zao. Septemba 1969 maandamano yaligeuka ghasia.

Serikali ya jimbo ilijaribu mara tatu kuutatua ugomvi huo wa lugha ya shule. Sheria ya 63, ya 1969, iliwaachia wazazi uhuru wa kuchagua, na Wafaransa wakakasirika. Sheria ya 22, ya 1974, iliwapima watoto Kiingereza kabla ya kuwaruhusu kuingia shule za lugha hiyo, na karibu kila upande ukakasirika. Sheria ya 101, ya 1977, iliondoa uchaguzi huo: mtoto wa mhamiaji atasoma kwa Kifaransa.

Serikali kuu, huko Ottawa, ilikuwa imeshika njia nyingine. Wakanada wa asili ya Ukraine, ambao wazee wao walilima nyika za magharibi tangu miaka ya 1890, walilalamika kwamba kuitaja Kanada kuwa nchi ya tamaduni mbili kunawafuta wao. Oktoba 1971 Waziri Mkuu Pierre Trudeau alitangaza sera ya tamaduni nyingi ndani ya lugha rasmi mbili. Waukraine walifurahi. Wengi Quebec waliisoma vingine: kutoka kuwa mmoja wa waasisi wawili, wameshushwa kuwa kundi moja kati ya mengi.

Hapa ndipo tunaweza kuamua. Wahamiaji hawakuleta ufa. Waliukuta, na uamuzi wao wa kawaida kuhusu shule ukageuzwa kuwa kura ndani yake. Sheria ya 101, ikipimwa kwa lengo lake, ilifaulu: watoto wengi wa Kiitaliano wa Montreal leo wanasema lugha tatu. Haikufaulu kuwafanya watake Quebec ijitenge na Kanada, kwa sababu lugha ya mtu na utii wake kwa dola ni mambo mawili.

Oktoba 1995, katika kura ya maoni ya Quebec, kujitenga kulikataliwa kwa asilimia 50.58, na kiongozi wa jimbo, Jacques Parizeau, akalaumu fedha na kura za watu wa asili za kigeni. Lakini kwa makadirio ya kawaida, karibu wanne katika kila wasemaji kumi wa Kifaransa nao walipiga kura ya Hapana. Hao peke yao waliwazidi wapiga kura wote wa Hapana ambao lugha yao haikuwa Kifaransa.