Siku 50 mtoni, miaka miwili na nusu mezani

Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina huko Marekani, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,114. Inaizidi kidogo tu Hifadhi ya Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, yenye 1,990. Tangu 1998 kumekuwa na kazi ya kuorodhesha kila kiumbe kinachoishi humo. Spishi zilizokwisha kuandikwa zimepita 20,000, na zaidi ya 1,000 kati yake zilikuwa ngeni kabisa kwa sayansi. Dubu na salamanda wana wapenzi wengi. Minyoo wa maji baridi hawana, na gharama ya kuwahesabu ndiyo inayokadiriwa vibaya kuliko zote.

Hawa si minyoo wa tumboni. Ni ndugu wa nyungunyungu, wengine wa milimita chache na wengine wa sentimita kadhaa, wanaoishi kwenye tope, changarawe na majani yanayooza chini ya maji. Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa 2008 ilihesabu takriban spishi 1,100 za kundi hili katika maji baridi.

Tuanze na ukubwa wa kazi. Hifadhi hii ina zaidi ya kilomita 3,000 za mito na vijito, kuanzia mabondeni, kwenye mwinuko wa mita 267 hivi, hadi karibu na kilele cha Kuwohi chenye mita 2,025. Tukichukua upana wa wastani kuwa mita 2, chini ya maji kuna mita za mraba milioni 6. Kifaa kinachotumika sana, fremu ya Surber, huwekwa juu ya kipande cha mita za mraba 0.09 tu, mtafiti anachokoa changarawe, na mkondo unasukuma kila kitu ndani ya wavu. Sampuli 500 za namna hiyo zinagusa mita za mraba 45. Hilo ni eneo lisilofikia darasa la kawaida la shule ya msingi, na ni sehemu moja kati ya 133,000 za eneo lote la mito ya hifadhi.

Sasa gharama. Namba zinazofuata ni makadirio yangu, na nimeyaweka wazi ili msomaji mwenye uzoefu ayabadilishe. Watu wawili wakipata sampuli 10 kwa siku, watamaliza sampuli 500 kwa siku 50, yaani saa 800 za kazi. Kila sampuli ikichekechwa na kuchambuliwa kwa saa 3, hizo ni saa 1,500. Kila sampuli ikiwa na minyoo 60, tunao 30,000, na kila mmoja akichukua dakika 10 kuandaliwa na kutambuliwa, tunafika saa 5,000. Mtu mmoja anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atakaa mezani miaka miwili na nusu.

Kwa dola 25 kwa saa, mto unakula dola 20,000, uchambuzi 37,500 na utambuzi 125,000. Jumla ni dola 182,500. Kazi ya mtoni, ile inayopigwa picha na kuombewa fedha, ni asilimia 11 tu.

Kwa nini dakika 10 kwa kiumbe mdogo hivyo? Mnyoo huwekwa kwenye kioo ndani ya tone la dawa inayoufanya mwili wake upenyeze nuru. Kisha inaanza kazi ya kuhesabu vinyweleo vyake kwa hadubini: kila pingili ina mafungu yake, na mtaalamu anatazama kama kinyweleo ni kirefu kama unywele au kifupi chenye ncha mbili, ncha ipi ni ndefu zaidi, na fungu lina vingapi. Wengi hukatika wakati wa kuhifadhiwa, kwa hiyo huhesabiwa vichwa tu ili mmoja asiandikwe mara mbili. Wengine huzaana kwa kujigawa, na wakinaswa katikati ya kujigawa huonekana wawili walioungana. Kisha kuna pigo kubwa: spishi nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi. Mnyoo ambaye hajakomaa huandikwa “mchanga, mwenye vinyweleo virefu” au “mchanga, asiye navyo”, na basi. Kuwapata waliokomaa kunalazimu kurudi misimu tofauti, na gharama inazidi.

Njia inayopendwa ya kubana matumizi ni kutambua minyoo 20 tu katika kila sampuli. Gharama inashuka hadi karibu dola 99,000. Lakini mnyoo aliye peke yake wa aina yake kati ya 60 anabaki na nafasi moja kati ya tatu ya kuonekana, na huyo ndiye aliyetupeleka mlimani. Mimi ningepunguza sampuli ziwe 300 na kutambua kila mnyoo: saa 4,380, dola 109,500. Ni kweli vijito kadhaa vitaachwa, lakini vitakavyofikiwa vitajulikana kwa ukamilifu.

Vinasaba vinasaidia, hasa kwa minyoo wachanga. Kipande kinachosomwa kwa kawaida kina herufi 658. Hata hivyo herufi hizo hazina jina mpaka mtu wa hadubini awe amemtambua mnyoo mwingine mwenye herufi zilezile. Mashine ya kusoma vinasaba haijamwondolea kazi.

Na hasara ya kutowajua ipo. Mnyoo aitwaye Tubifex tubifex hubeba kimelea Myxobolus cerebralis, kinachowafanya samaki aina ya trauti wazunguke ovyo na kufa wakiwa wadogo. Ilichukua hadi 1984 kwa wanasayansi kubaini kwamba kimelea hicho hakiwezi kukamilisha maisha yake bila mnyoo huyo. Mwaka 2015 ugonjwa ulithibitishwa North Carolina. Anayetaka kujua ni vijito vipi viko hatarini lazima ajue mnyoo huyo anaishi wapi.

Hifadhi hii haina kiingilio, ila tangu Machi 2023 anayeegesha gari kwa zaidi ya dakika 15 hulipa dola 5 kwa siku. Utafiti mzima wa sampuli 500 ni sawa na stika 36,500 za maegesho za siku moja, mahali palipopokea wageni zaidi ya milioni 12 mwaka 2024. Kiasi hicho si kikubwa. Tatizo ni kwamba fedha hutengwa kwa ajili ya safari, na mitungi ya sampuli inabaki kabatini ikisubiri mtaalamu ambaye hakuna aliyemwajiri. Anayepanga kazi kama hii, iwe Tennessee au Udzungwa, aandike kwanza mshahara wa mtu wa hadubini kwa miaka yote, kisha ndipo ahesabu nyavu na nauli.