Je, Wajua? Neno "Rahisi" Lina Vinyume Viwili

Neno "rahisi" tumelipata kwa Kiarabu, ambako ni kitu cha bei ya chini. Kiswahili kikaliongezea maana ya "isiyo ngumu". Ndiyo maana sokoni kinyume chake ni "ghali", na kazini ni "ngumu".

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri, kaunti ya Migori nchini Kenya, kunakosemwa Kijaluo, utasikia jambo la kupendeza: "nengo tek", bei ngumu, ndiyo ghali, "nengo yot", bei nyepesi, ndiyo rahisi. Dhahabu yenyewe inaafiki. Mwamba huchimbwa, hupondwa, huoshwa, kisha chembe hunaswa kwa zebaki, ambayo ni sumu. Hapo ugumu na ughali ni kitu kimoja. "Thamani" ni habari nyingine: maji ya kunywa ni rahisi, ila thamani yake haipimiki.