Mwachie Panya Buku Mbegu Zake

Huku Lushoto, taja panya mbele ya wazee uone watakavyokunja uso. Hawajasahau tauni iliyozuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miongo miwili. Sina ugomvi nao. Lakini mimi ni mtu wa kitalu cha miche hapa Bumbuli, na yuko panya mmoja nitakayemtetea: panya buku, yuleyule ambaye shirika la APOPO kule Morogoro humfundisha kunusa mabomu ya ardhini.

Nianze na msambu, mti wa misitu kama Mazumbai na Amani, ambao porini haupatikani nje ya Tanzania. Tunda lake huweza kufikia sentimita 30, na likiiva huanguka zimazima. Mbegu zimejaa mafuta, ni nzito, hazina mabawa, upepo hauziwezi. Zikibaki hapo chini, miche yake itaota kivulini mwa mama yao.

Usiku panya buku hutoka, akajaza mbegu mashavuni kama mama anayefunga kikapu gulioni, akaondoka nazo. Anazoziteremsha hadi ghalani, ndani kabisa ya shimo lake, hizo zimekwisha: atazila au zitaoza. Nyingine huzifukia mojamoja, juujuu, ziwe akiba ya siku za njaa. Asipozirudia, amepanda. Na msambu si wa haraka: mbegu huweza kukaa miezi mingi, hata kupita mwaka, kabla ya kuchipua. Kitaluni tunazivua ganda ili ziwahi. Msituni zinahitaji udongo wenye unyevu na maficho. Mialoni ya Ulaya nayo hupandwa hivyohivyo na kindi, panya na ndege.

Siku hizi panya buku ana mshindani. Mafuta ya msambu yana soko, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaruhusu kwenye vyakula. Wakusanyaji huyarundika matunda chini ya majani yalainike, kisha hutoa mbegu. Ni kipato halali, lakini mkizoa yote, msitu utapandwa na nani?

Nyumbani na shambani, tega mitego na funika chakula. Tauni si mchezo. Msituni usimtege panya buku, na chini ya kila msambu acha matunda kadhaa. Huo ndio ujira wa mpandaji asiyetudai mshahara.